Askari wa Chini

Katika mazishi ya mama mkwe wangu nilipewa kazi ya viti. Ndiyo kazi ya mkwe kwetu: upange viti, uone kama vinatosha, usimame kando kidogo, na usijitie mbele. Nadhani niliifanya sawasawa, ingawa mama mmoja wa kanisani alikalia kiti kilichovunjika mguu na ikabidi nimbadilishie mahubiri yakiendelea. Ilipofika zamu ya kutaja wakwe, mwenye kuongoza shughuli alisema kwamba marehemu alikuwa mama wa heshima sana, na kwamba kwa miaka hii yote hakuna mtu aliyewahi kumwona yeye na mkwe wake wamekaa meza moja. Watu wakapiga makofi. Alisema kwa nia njema, na alichosema kilikuwa kweli, kwa hivyo na mimi nikapiga makofi. Lakini niliporudi nyumbani na kuvua viatu nilijikuta siwezi kula. Kulikuwa na mwaka mmoja, kabla hajawa mama mkwe wangu, ambao mimi na yule mama tulikula kutoka sufuria moja karibu kila siku ya kazi, na nikacheka naye kuliko nilivyowahi kucheka na mtu mwingine yeyote. Hilo halikutajwa. Na lingetajwaje, wakati waliolijua walikuwa wawili, na mmoja wao ndiye tuliyemzika?

Mimi huandika daftari. Nilianza nilipoacha shule, na shule niliiacha mapema, kwa hivyo mwandiko wangu si wa kujivunia. Daftari la mwaka ule liliingiwa na mchwa, likabaki jalada na vumbi. Haya ninayoandika yanatoka kichwani, na kichwa changu mimi mwenyewe sikiamini sana. Pale nisipokuwa na hakika, nitasema.

Mnara wa ulinzi uko juu ya kilima nyuma ya mji wa Machakos, ule wa mawe, unaouona ukitoka sokoni ukiinua macho. Siku hizi una bango kubwa na choo cha maji. Wakati ule ulikuwa ndio kwanza umefunguliwa kwa wageni, na choo kilikuwa mbali, chini kwenye miti. Wengine wanasema ulijengwa kulinda misafara, wengine wanasema ulikuwa wa kuangalia moto na wezi wa ng'ombe. Nimefanya kazi ndani yake na sijui. Ninachojua ni vyumba vyake. Chini kuna chumba kimoja chenye giza, baridi hata mwezi wa pili, na hapo ndipo palikuwa na meza ya tiketi, ufagio na chupa ya chai. Katikati kuna chumba kidogo chenye dirisha moja na kizingiti kipana cha jiwe, kipana cha kutosha kukaliwa. Juu kabisa kuna chumba cha mviringo chenye matundu pande zote, na ukisimama hapo unaona vilima vya Iveti vikiwa karibu kama vitu vya nyumbani, unaona Mua, unaona Kilimambogo, na upande wa magharibi unaona tambarare yote mpaka Lukenya. Kati ya vyumba hivyo kuna ngazi moja tu, ya kuzunguka, ndani ya ukuta. Ni nyembamba. Watu wawili hawapishani humo bila kugusana. Tena ngazi hiyo inabeba sauti: anayeongea juu kabisa, aliye chini anamsikia kama wako chumba kimoja.

Tulikuwa waongoza wageni wawili. Mmoja alikuwa Mama Mwende, mjane, mnene kidogo, mwenye sauti ya kwaya na raba za wanaume miguuni kwa sababu ya ngazi. Wa pili nilikuwa mimi, kijana ambaye hajaota ndevu za maana. Msimamizi wetu, Bwana Nzioka, alikuwa shemasi, na ofisi yake ilikuwa mjini. Alikuja mara moja kwa wiki. Kwa hivyo aliyenifundisha kazi ni yule mama. Nilimwita mwaitu, yaani mama, kama tunavyomwita mama yeyote wa rika lile, na yeye aliniita Kioko, jina langu, kwa kulivuta.

Siku ya kwanza alinisikiliza nikiwazungusha walimu fulani, kisha tukiwa wawili tu akaniuliza kama nimeajiriwa kuuza sijui. Maana kila walichouliza nilijibu sijui. Mnara una umri gani? Sijui. Mawe yalitoka wapi? Sijui. Nikamwambia kwamba sijui kweli. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akasema nisidanganye, yeye hapendi uongo, lakini kuna neno la katikati. Niseme, wengine wanasema. Hapo mgeni anapata kitu cha kwenda nacho nyumbani na mimi ninalala vizuri. Nimetumia neno hilo maisha yangu yote, na naona nimeshalitumia hapa juu.

Jambo la pili alilonifundisha ni kwamba wageni wetu wengi hawakuja kuona historia. Walikuja kuona kwao. Mtu akifika juu, kabla hata pumzi haijarudi, anauliza, na kwetu ni wapi? Kwa hivyo yeye alianzia hapo: aliuliza kila mmoja ametoka wapi, akamshika bega, akamgeuza taratibu mpaka uso uelekee mahali penyewe. Ndipo akaleta habari za mnara. Nakumbuka mzee mmoja wa Kinanie aliyelalamika kwamba kwake hakuonekani, na tiketi ni ileile. Mama Mwende akamwangalia juu mpaka chini. "Mzee, wewe ulipaka mabati rangi ya vumbi, ukajificha kwa vumbi. Unataka nikuone na nini?" Mzee alicheka kuliko wote. Alirudi mwezi uliofuata na ndugu zake, akawaonyesha lile vumbi.

Saa ya chakula tulikutana chumba cha katikati. Alibeba sufuria ndogo ndani ya kikapu cha mkonge, imefungwa kwa taulo, na ndani mlikuwa na muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, na mbaazi zilizopikwa na kitunguu mpaka zinalainika kabisa. Sufuria ilikaa kwenye kizingiti cha dirisha, sisi tukakaa huku na huku, vijiko viwili. Bado ninaweza kuona jinsi alivyosukuma mbaazi upande wangu akijifanya hajui anachofanya. Aliongea juu ya marehemu mume wake, ambaye aliogopa kimo na hakuwahi kupanda hata mti. Aliongea juu ya wanawake wa kwaya. Mimi niliongea mambo ambayo sijui niliyatoa wapi, maana nyumbani nilikuwa mtu wa kunyamaza. Nikiwa mtu mzima nimesikia watu wakisema juu ya rafiki wa kufa na kuzikana, na kila mara nikifikiri ni nani wangu, picha inayokuja ni ya mama wa makamo mwenye raba za wanaume, akilamba kijiko. Sijawahi kumwambia mtu hilo. Naona aibu kidogo hata kuliandika.

Jumamosi ndiyo iliyoleta mambo. Mwende, kifungua mimba wake, alikuwa akisomea ushonaji mjini, na Jumamosi alipanda kilima kumletea mama yake mwavuli ama kumchukulia kikapu. Sitaandika mengi kuhusu hapo. Mwende yuko hapa chumba cha pili na atasoma. Niseme tu kwamba kufikia mvua za mwezi wa nne mwavuli ulikuwa ukiletwa hata siku za jua.

Mama yake aliona kabla sisi hatujaona. Siku moja, tukiwa kwenye dirisha letu, alifunika sufuria nikiwa bado na kijiko mkononi.

"Kioko," alisema, "ukileta mbuzi kwangu, hii sufuria tutaigawa."

Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze. Mbuzi wa ntheo, yaani wa posa, wakishaingia boma la msichana, mambo yameanza rasmi, na kati ya kijana na mama wa msichana inaingia nthoni. Ni heshima. Hamkutani uso kwa uso, mkikutana njiani mmoja anapisha; hamli pamoja; hamtajani majina. Mtu wa nje akiona anaweza kufikiri ni chuki. Si chuki. Siku hizi wengi wamelegeza, na hata wakati ule wako waliokuwa wamelegeza, ndiyo maana nilimwambia kwamba watu wa sasa hawafuati tena hayo, na hata kanisani hawakazi.

"Watu wa sasa si mimi. Mama yangu alipishia mkwe wake njia mpaka akazeeka. Wewe unataka mimi nikukosee heshima juu ya mbaazi?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Aliifunga sufuria kwa taulo, kisha akasema nilete tu, mtoto amenipenda, na yeye mwenyewe haoni kasoro isipokuwa ile sijui yangu. Alitaka tu nijue mapema, ndio nisije nikashangaa.

Nilishangaa vilevile. Mbuzi waliingia kwao wikendi moja, na Jumatatu nikafika kazini nikasimama mlangoni kama mtu aliyefika nyumba ya wenyewe. Alikuwa ameshapanda juu. Niliona alama za raba zake kwenye vumbi la ngazi, na nikajua kwamba huo ndio mpango: yeye atapanda asubuhi kabla yangu na kushuka jioni baada yangu. Basi tukaigawa kazi bila kusema neno. Mimi nilipokea wageni, nikawaeleza habari za chini, nikawafikisha chumba cha katikati, kisha nikaita kuelekea juu, "Wageni wanakuja." Yeye akawapokea kule. Saa ya chakula nilikula mkate chini, nimekaa juu ya debe. Nilikuwa nimepata nilichokitaka, na Mungu anajua nilikuwa na furaha, lakini nusu ya mkate ule niliirudisha nyumbani.

Sikumbuki kama ilikuwa wiki ileile ama iliyofuata. Nilikuwa chini nikifagia, na juu alikuwa na kundi la wanawake wa kanisa fulani. Nikamsikia akianza hadithi ambayo sikuwahi kuisikia.

"Wengine wanasema," alisema, "mnara huu ulikuwa na askari wawili. Mmoja wa juu, mmoja wa chini. Walikuwa marafiki sana, mpaka mkubwa wao akatoa amri wasionane tena, maana wakikaa pamoja wanapiga domo. Basi yule wa juu alikuwa anamwachia mwenzake chakula kwa dirisha la katikati. Alijua mwenzake ni mvivu, akiachwa atakula mkate mpaka akauke."

Wanawake wakacheka. Mimi niliweka ufagio chini. Walipomaliza na kushuka, nilipanda mpaka chumba cha katikati, na kwenye kizingiti nikakuta bakuli, limefunikwa na sahani, bado la moto.

Kuanzia hapo askari wale wawili walikuwa kazini kila siku. Wageni waliwapenda kuliko habari nyingine zote za mnara. Nami nikajifunza kufanya kazi nikiwa nimeinamisha sikio. Askari wa chini alikohoa wiki nzima, nikasikia wa juu akishangaa mbele ya wageni kwa nini mtu mzima aogope sindano. Siku ya pili nikaenda zahanati. Askari wa juu alikuwa na binti mwenye tabia ya kununa asubuhi, na mtu atakayemwoa asimsemeshe kabla hajanywa chai. Hiyo niliifuata, ninaifuata mpaka leo. Nilipoona kwamba sauti yangu pia inapanda, nikaanza kumjibu. Niliwaambia wageni wangu, kwa nguvu kidogo, kwamba askari wa chini hakuwa mvivu, ni vile jikoni kwake palivuja, na kwamba mbaazi za jana zilikuwa na chumvi nyingi. Kutoka juu nikasikia kicheko, na wageni wangu wakaangalia dari.

Lakini nilisumbuka. Hadithi ile haikuwa kweli. Watu waliondoka wakiamini kulikuwa na askari wawili, wakaenda kuwaambia watoto wao. Kila nilipoisimulia nilitanguliza wengine wanasema, na nilijua kwamba hao wengine ni sisi wawili. Niliendelea kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuongea naye.

Mpango ule ulivunjwa na watoto wa shule. Walikuja wengi, kelele kama ndege, na walimu wao wakawa wanawagawa makundi. Niliita kwamba wageni wanakuja, lakini nadhani hakusikia. Makelele yalijaza ngazi yote. Juu, msichana mmoja alishikwa na kizunguzungu akaanza kulia, na Mama Mwende akamshika mkono amteremshe. Mimi nilikuwa napanda na kundi la pili mgongoni. Tukakutana kwenye kona, uso kwa uso.

Niligeukia ukuta. Yeye alijifunika uso kwa leso na kusimama. Hapo hapapitiki bila kugusana, na kugusana hakukuwezekana, na kusema naye pia, na kumwambia mtoto apite peke yake pia, maana alikuwa amemng'ang'ania mama huyu kama luba. Mtoto akatapika. Walio nyuma yangu wakaendelea kusukuma. Mwalimu akauliza kutoka chini kuna nini huko, na mwanafunzi mmoja akajibu, kwa utaratibu mzuri tu, kwamba watu wa mnara wameganda. Mwishowe nilianza kuwarudisha watoto chini, mmoja baada ya mwingine, uso wangu ukiwa ukutani, na katika kurudi huko kijana mmoja akateleza akapasuka kidevu. Hakuumia sana. Lakini damu ya kidevu ni nyingi, na kila mtu aliiona.

Bwana Nzioka alikuja kesho yake. Nataka nimtendee haki, kwa sababu nyumbani kwetu walimsema vibaya. Hakupiga kelele. Alituita kando mmoja mmoja, mimi chini, Mama Mwende kule juu.

"Kijana, mimi siingilii desturi ya mtu. Hata kwangu iko. Lakini ngazi ni moja, na leo ni kidevu, kesho ni shingo. Ama muache hii mambo mkiwa hapa ndani, ama mmoja wenu atafute kazi ingine. Muongee."

Muongee, alisema. Na sisi ndio hatungeweza. Alipoondoka nilikaa juu ya lile debe nikipima. Kuacha nthoni ndani ya mnara na kuishika nje ya mnara kungekuwa kuifanya mchezo, na yeye hangekubali. Na nikiwa mkweli, mimi pia sikutaka iondoke. Nilikuwa mtu wa kuacha shule mapema, niliyezoea kusukumwa kando kila mahali. Ni nani mwingine katika maisha yangu aliyewahi kunipisha njia kwa heshima? Lakini kazi ile ndiyo iliyokuwa ikisomesha wadogo wake Mwende, na yule mama hakuwa na nyingine.

Wiki hiyo juu kulikuwa na wageni wachache kutoka Nairobi. Nikamsikia akiwaambia kwamba mkubwa wa wale askari alitaka mmoja aondoke, na kwamba yule wa juu ameshaamua kuondoka yeye. Magoti yake yamechoka na ngazi. Yule wa chini bado kijana, anaanza nyumba, abaki na kazi yake. Alisema kwa sauti ya kawaida, kisha akawageuza wale wageni mabega kuwaonyesha mji wao.

Nilijua magoti yake hayana neno. Alipanda ngazi zile kama mbuzi. Siku hiyohiyo nikateremka mjini nikamwambia Bwana Nzioka kwamba nimepata kazi machimbo ya mawe ya Lukenya. Nilikuwa bado sijaipata. Niliipata baada ya siku chache, kwa hivyo huo ulikuwa uongo wa muda. Na siku yangu ya mwisho mnarani, nikiwa na kundi dogo chumba cha katikati, nikasimama chini kabisa ya mdomo wa ngazi nikasimulia kwa sauti yangu yote. Nilisema kwamba yule wa juu alichelewa. Askari wa chini alikuwa ameshaondoka. Ameenda Lukenya kupasua mawe, na anaomba mwenzake asiache mnara, kwa sababu hakuna mwingine anayejua kuwaonyesha watu kwao. Nikasema pia kwamba zile mbaazi hazikuwa na chumvi nyingi.

Kisha nikaita, wageni wanakuja, na nikashuka. Nilimsikia akianza kuwaambia kitu, lakini lori la kwenda Lukenya lilikuwa likinguruma pale nje, na nikajiambia kwamba nikisimama kusikiliza sitaondoka. Sikusikia alichojibu.

Nilikaa Lukenya muda wote uliobaki wa kufanya kazi, kwanza kwa nyundo, baadaye kwa mashine ya kusaga kokoto. Tulioana, tukapata watoto. Mama Mwende alibaki mnarani mpaka alipozeeka. Nilimwona kwa mbali: kwenye harusi akiwa upande wa wanawake, Krismasi akiwa chumba kingine, sauti yake ikipenya mlangoni. Tulipomtembelea, watoto wangu waliniletea bakuli la mbaazi, lakini hawakunipa mkononi. Waliagizwa waliweke dirishani. Mwende aliuliza siku moja kwa nini dirishani, na mama yake akasema ni kwa sababu linapoa vizuri.

Jumamosi baada ya mazishi, Mwende aliniambia twende tukapande mnara. Alisema anataka kuona mahali mama yake alipomaliza magoti. Tuliyempata pale ni msichana anaitwa Ndanu, mwenye viatu vyeupe na simu shingoni, na kundi letu lilikuwa vijana kutoka Syokimau ambao walikuwa wakipiga picha hata za ufagio. Niaje, mko poa, aliwaambia. Sisi akatuambia shikamoo na kumpa Mwende mkono wa kupandia. Kazi aliijua. Juu kabisa, kabla ya neno lolote la historia, aliwauliza kila mmoja ametoka wapi, akawashika mabega, akawageuza. Mwende naye aligeuzwa, kuelekea kwao.

Kisha Ndanu akasema kwamba mnara huu ulikuwa na askari wawili.

Aliisimulia yote. Amri, dirisha, chakula, kikohozi, sindano. Vijana walicheka palepale wanawake wa kanisa walipocheka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niseme, kwa upole, kwamba hawakuwahi kuwako, maana nilihisi nina deni la ukweli kwa hawa vijana. Mwende alinikanyaga kidogo mguu. Sijui alijua kiasi gani. Ndanu akaendelea.

"Sasa huyu wa chini akaenda zake, akaenda Lukenya kupasua mawe. Wakaleta askari mwingine. Na yule wa juu bado anaacha chakula kwa dirisha, kila siku. Huyo mpya akadhani ni yake, akala mpaka akanenepa." Vijana wakacheka tena. "Lakini kila jioni kabla hajafunga, yule wa juu alikuwa anasimama hapa, kwa hii tundu. Mnaona kule? Ile kitu nyeupe? Hiyo ni vumbi ya kwari za Lukenya. Alikuwa anaiangalia, anasema, yuko kazini. Akiona vumbi anajua rafiki yake ni mzima. Ndio anashuka."

Kijana mmoja aliuliza kama hiyo ni historia ya kweli. Ndanu akasema wengine wanasema. Yeye alifundishwa na aliyemtangulia, na huyo alifundishwa na mama mmoja wa zamani, na mpaka leo hakuna mwongoza wageni anayefunga mnara bila kusimama hapo na kusema hivyo. Ukisahau, unarudi ngazi zote. Sababu yenyewe hakuna anayeijua.

Jua lilikuwa limeshainama. Vijana walianza kushuka, tukabaki watatu. Ndanu alisogea kwenye tundu la magharibi, akakinga macho kwa mkono, akaangalia lile vumbi jeupe nililolimeza miaka yote ile.

"Yuko kazini," alisema, akashika funguo.

Ningeweza kunyamaza. Lakini halikuwa sahihi, na mtu alikuwa amelisema kwa heshima kila jioni, na niliona si haki liendelee hivyo.

"Alistaafu," nikasema. "Mwaka juzi. Ni mzima."

Ndanu aligeuka. "Nani, mzee?"

"Yule wa chini."

Mwende alikuwa ameshaanza ngazi. Alisimama kwenye kona, akajibana ukutani na kunipisha.